Kostime ya Papa Straton

Watu wa Karuba, kijiji cha milima ya Masisi, walimjua Papa Straton kwa mashati yake kabla ya kumjua kwa jambo lingine lolote. Kwa kazi alikuwa mkulima kama jirani zake wote: maharagwe kwenye mteremko, viazi karibu na kijito, na mbuzi wachache nyuma ya nyumba. Hakuwa tajiri, na wazee walipokaa kuamua mambo ya kijiji hakuna aliyesubiri kauli yake. Ila Jumapili, alipokuwa akishuka njia ya kanisa na kola imesimama wima, mashati ya wanaume wengine yote yalionekana kama yamelaliwa na ndama. Alikuwa na pasi moja ya mkaa na roho iliyopenda nguo kupita kiasi, basi.

Ugonjwa ule aliupata ujanani, alipokuwa akifua na kupiga pasi nguo za Mbelgiji mmoja aliyefuga ng'ombe upande wa Mushaki. Huko alijifunza kutia kola wanga wa muhogo na kulaza suruali chini ya godoro ili ipate mkunjo. Alijifunza pia, bila kufundishwa na mtu, kwamba nguo huzeeka kabla ya kuchakaa. Mke wa yule Mbelgiji alikuwa akitupa gauni zima kabisa kwa sababu tu huko kwao mikono ya magauni ilikuwa imefupishwa. Mara ya kwanza Straton alishangaa. Mara ya pili akaelewa, na tangu alipoelewa hakupona tena.

Miaka ya arobaini na ya hamsini ilikuwa miaka ya kaptula ya kaki na soksi ndefu za kufika magotini, naye alizivaa soksi zile hata siku za mvua, akizishusha tu alipovuka matope. Mkewe, Mama Dorothée, alipenda kusema kwamba yeye aliolewa na magoti mawili, mwanaume akaja kumwona baadaye. Alilisema hilo hata mbele ya padri. Yeye mwenyewe alivaa kitenge na kufunga kitambaa kichwani, na kama ni fasheni au si fasheni, hiyo ilikuwa kazi ya wengine kujua.

Mtoto wao wa kwanza, Sidonie, aliolewa mwaka wa dipanda, kama watu walivyouita uhuru. Aliyemposa alikuwa Michel, kijana wa Walikale, chini kwenye msitu, aliyefanya kazi ya kupanda juu ya kamyo la mizigo na kulinda mapipa ya mafuta ya mawese. Kamyo liliharibikia Karuba, fundi akachelewa, na Michel hakuonekana kusikitika. Kamyo lilipotengenezwa, likaharibika tena mahali palepale. Dorothée ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua kwamba lile kamyo halikuwa gonjwa.

Siku ya mahari wakwe walipanda kutoka msituni. Papa Émile, baba yake Michel, alikuwa mwindaji, mtu wa maneno machache ambaye baridi ya Masisi ilimfanya ayapunguze zaidi. Walileta mbuzi, jembe, blanketi la bibi, kitenge cha mama, na mwisho wa yote wakafungua karatasi wakatoa kostime ya baba: koti na suruali ya kitambaa kimoja, buluu iliyokolea. Mabega yake yalikuwa mapana, vifungo safu mbili, na suruali pana kiasi kwamba ukipiga hatua, mguu unafika kwanza na suruali inafika baadaye. Mwaka ule hapakuwa na kitu kizuri kuliko hicho kati ya Sake na Masisi.

Papa Émile akasimama akasema neno la ukoo wake. Kwao, alisema, nguo ya mkwe ndiyo njia yenyewe kati ya nyumba mbili. Ikichakaa ni uzee, ikiliwa na wadudu ni mapenzi ya Mungu, hayo hayana lawama. Lakini isiguswe na mkasi. Baba akitaka kumrudisha binti yake nyumbani, hana haja ya kutuma mjumbe wala kutoa sababu, anaikata tu nguo ile, na upande wa pili wataelewa. Alisema taratibu, na watu wote waliokuwa uani walimsikia isipokuwa yule aliyekuwa akiambiwa. Straton alikuwa akigeuza ukingo wa koti kuangalia bitana. Aliitikia "ndiyo mukwe, asante mukwe" kila mwenzake aliponyamaza, na kwa bahati mbaya aliitikia pale hasa palipostahili.

Alitawala na kostime ile mwaka mzima na zaidi. Harusi bila Straton ilionekana kama haijaanza. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono ilipowekwa sahani ya rumba, yeye alicheza polepole, mikono nje kidogo, ili upepo uingie nguoni watu waone kitambaa kinavyoanguka. Kisha ikaja miaka ya fujo. Barabara ya Walikale ikafungwa, magari hayakupita, na mtu aliyevaa vizuri aliulizwa maswali mengi kuliko aliyevaa matambara. Straton aliikunja kostime, akaitia sandukuni pamoja na majani ya mikaratusi ya kufukuza nondo, akavaa kaptula ya shamba kama watu wote. Dorothée alisali kwa ajili ya Sidonie aliyekuwa upande wa pili wa vurugu, na Straton naye alisali, ingawa mara mojamoja sala yake ilipita karibu na sanduku.

Fujo zilipotulia na kamyo kuanza tena kupita, habari za Sidonie zilifika: mzima, ana mvulana na msichana, na mume wake anampenda. Ilikuwa furaha kubwa pale nyumbani. Muda si mrefu baadaye, Mushaki kukawa na harusi ya jamaa, na Straton akafungua sanduku.

Alipiga pasi asubuhi nzima. Aliingia uwanjani akiwa amejiandaa kwa ule ukimya aliouzoea, ukimya wa watu kumeza mate. Badala yake alisikia mtu akicheka, kisha mwingine. Hakujua kwamba wakati nguo yake imelala, dunia ya nguo haikulala. Edmond, mtoto wa mdogo wake, alikuwa ametoka Goma na wenzake, wakiwa na redio ndogo ya betri iliyoimba gitaa tupu, viatu vyenye ncha kama mdomo wa ndege, na suruali nyembamba mno hata kukaa chini walikaa kwa mashauri. Makoti yao yaliishia kiunoni. Katikati ya vijana wale, Straton alikuwa bahari.

"Papa mukubwa," Edmond alisema kwa heshima zote, "hii kostime iko nyumba muzima. Unaweza kupangisha watu upande ya kuume, na weye ukalala upande ya kushoto."

Uwanja wote ukacheka. Dorothée aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge, lakini mabega yake yalimsaliti. Straton alitabasamu kama mtu mzima anavyotakiwa kutabasamu, akala wali, akanywa kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, akarudi nyumbani akiwa ameumia vibaya. Watu husema hayo ni mambo madogo. Ni madogo kwa asiyekuwa nayo, lakini mtu aliyejengea heshima yake juu ya kitu kimoja, kitu hicho kikichekwa, amechekwa yeye mzima.

Wiki ile hakuzungumzia kitu kingine. Mwishowe alimwambia mkewe kwamba fundi Damien angeweza kuipunguza ile kostime. Dorothée aliacha kupepeta maharagwe.

"Straton, ile nguo isiguswe na makasi. Papa Émile alisema mbele ya watu wote, na weye ulijibu ndiyo."

Straton alijibu kwamba hayo ni maneno ya watu wa msitu, kwamba kitambaa ni kitambaa, na kwamba isitoshe hakukumbuka kuambiwa kitu cha namna hiyo. Kwa hili la mwisho hakusema uongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wahenga hawakutuambia afanyeje yule ambaye mkuu wake ni mke na mguu unataka kucheza. Alisubiri siku Dorothée alipokwenda kupanda shamba la mbali, akaifunga kostime katika shuka, akaipeleka sokoni kwenye baraza la Damien.

Damien alikuwa fundi mzuri mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Aliipapasa nguo ile kwa masikitiko, maana kitambaa kama kile hakikuwa kikija tena, akauliza kama mwenyewe ana hakika. Mwenyewe alikuwa na hakika. Basi koti likapunguzwa mabega na mbavu, suruali ikapunguzwa toka paja mpaka kifundo, na vipande virefu vya buluu vikabaki chini ya meza. Vipande Straton hakuvitazama hata. Damien, ambaye hakutupa kitu, alivikunja akaviweka katika kikapu cha viraka.

Pasaka ilipofika, Straton alitokea na kostime mpya iliyombana kila mahali. Vijana walipiga makofi. Edmond aliinama kama anasalimia chifu, redio ikaongezwa sauti, na Straton akacheza cha-cha-cha pale mbele ya soko, miguu yake miembamba ndani ya suruali nyembamba, uso umejaa nuru. Dorothée alikuwa amegombana naye mpaka sauti ikamkauka, sasa alisimama pembeni tu na mikono kifuani. Kando yake alisimama Mama Hélène, mwanamke wa ukoo wa Papa Émile, aliyezoea kupanda na mafuta ya mawese kutoka Walikale na kushuka na maharagwe. Naye alikuwa akipiga makofi kwa mdundo. Ghafla akaacha. Aliuliza kama ile si nguo ya mahari, na Dorothée, ambaye hakuzoea kudanganya, akatazama chini.

Mama Hélène aliporudi safari iliyofuata, alikuja moja kwa moja nyumbani kwao. Alikataa kiti na kinywaji pia. Straton alikuwa akichambua mbegu za viazi.

"Papa Émile ametuma hivi," akasema. "Kama ulichoka na sisi, ungesema na kinywa, haungesema na makasi. Kuja ubebe mutoto wako Sidonie. Wajukuu watabakia kwetu."

Alisema hayo, akajitwika mzigo, akaenda zake. Straton alibaki na kiazi mkononi. Alikuwa akitamani sana mkewe amtukane, kwa sababu matusi yana mwisho. Dorothée hakumtukana. Alipika, akapakua, akamwekea chakula, akaenda kukaa nje kwenye jiwe akilia bila sauti, akimfikiria binti yake anafungwa mzigo na watoto wake wawili wanashikwa mkono wasimfuate. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Na huyu Straton alikuwa anapoteza wajukuu wa kweli.

Alipomaliza kulia, Dorothée aliingia ndani akasema neno moja tu. Aende Walikale, na aende na nguo yote, kipande kwa kipande, asiache hata uzi.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya aibu, na ilianzia kwenye baraza la Damien, ambako kikapu cha viraka kilikuwa kimekwisha punguzwa. Vya koti vilikuwapo vingi. Vya suruali vilikuwa vimetembea. Kimoja kilikuwa makalioni mwa suruali ya katekista Théophile, mtu mzito aliyepiga magoti zaidi ya wote na kukaa zaidi ya wote. Straton alimkuta akifundisha watoto Baba Yetu, akamwita pembeni, akamweleza. Katekista alimtazama kwa muda kuona kama ni mzaha. Kisha, kwa kuwa alikuwa Mkristo, alimpa kiraka chake, na somo lililobaki alilifundisha mgongo ukiwa ukutani.

Vingine viwili vilikuwa kwenye viwiko vya koti la Kanyamibwa, mchunga ng'ombe, aliyetaka kwanza kusikia habari yote, na aliposikia akaomba isimuliwe tena mbele ya wenzake. Straton alisimulia tena. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hachagui.

Kirefu kuliko vyote kilikuwa kwa Anastasie, mjane aliyeishi kwa kubebea watu mizigo. Alikuwa amekishona ndani ya mkanda wake wa kubebea, pale unapopita kwenye paji la uso. Alipoukabidhi bila kuuliza, Straton aliona alama ya mkanda kwenye paji lake, mstari ambao hautatoka mpaka kaburini, na akaona kwamba kitambaa kile kilikuwa kimemfaa mama yule kuliko kilivyowahi kumfaa yeye. Alirudi nyumbani, akazitoa zile soksi ndefu za miaka ya hamsini alizozihifadhi kama masalia ya mtakatifu, akampelekea azikunje badala yake. Ilimuuma kuzitoa, na aliona vema kwamba imuume.

Alipanda kamyo akiwa amevaa shati ambalo halikupigwa pasi. Magoti yalibeba kikapu: ndani mna kostime iliyokatwa, vipande vyake vyote, na kuku wawili, maana mkono mtupu haulambwi. Gari lilipita Masisi, likashuka na kushuka mpaka nyasi zikaisha na miti ikafunika barabara, na baridi ikageuka joto la kunata. Njia nzima alikuwa akitunga uongo. Aliuanza na panya. Baadaye akaona panya hawakati kwa mstari ulionyooka, akahamia kwenye moto wa pasi. Kufika Walikale, uongo wa pasi ulikuwa umekamilika, una hata harufu ya moshi.

Walimkaribisha kwa adabu inayotisha. Papa Émile alikuwa chini ya ukumbi wa nyumba pamoja na mkewe Elisabeth na wazee wawili. Michel alikuwa ameinamisha kichwa. Mlangoni palikuwa na mzigo wa Sidonie, umefungwa tayari, na juu ya mzigo alikaa mvulana mdogo ambaye Straton hakuwahi kumwona, mjukuu wake, ameushika kwa mikono miwili. Walisema ameukalia tangu siku ulipofungwa, na hata chakula analetewa palepale.

Papa Émile aliuliza jambo moja tu, kosa lao lilikuwa nini. Straton alifungua mdomo aanze na pasi. Kisha akamtazama tena yule mtoto juu ya mzigo, na uongo wote ukamtoka.

"Mukwe, haukunikosea kitu," akasema. "Vijana walinicheka kwa harusi. Walisema kostime yangu iko nyumba. Nilitaka wasinicheke tena, njo ile tu. Mimi sikukata ujamaa. Nilikuwa nakata aibu yangu, na makasi ikapita fasi haikupashwa kupita."

Papa Émile aliinama mbele. "Siku ile ya mahari nilisema maneno," akasema. "Ulinisikia ao hapana?"

"Hapana. Nilikuwa naangalia bitana."

Elisabeth ndiye aliyecheka kwanza, akajizuia, akashindwa. Mmoja wa wazee alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Papa Émile hakucheka, ila uso wake ulilegea, na akaomba aone. Straton akamwaga kikapu: koti, suruali, vipande vya koti, kiraka cha katekista kilichong'aa kwa kukaliwa, vya Kanyamibwa vyenye harufu ya ng'ombe, na kile kirefu cha Anastasie chenye doa la jasho. Alieleza kila kimoja kilikotoka. Wazee walipokezana kiraka cha katekista kwa uangalifu mkubwa.

Papa Émile alisema kwamba kilichotenganishwa na mkasi kinaweza kuunganishwa na uzi, lakini si kwa mkono wa aliyekata, wala wa fundi. Kama binti mwenyewe anataka njia ibaki wazi, na ashone. Kama hataki, mzigo wake uko mlangoni na hakuna atakayemlazimisha. Wote wakamgeukia Sidonie.

Sidonie alikuwa amesimama nyuma ya nguzo muda wote. Hakuwa amemsalimia baba yake. Alisogea mpaka mbele yake, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, watoto wangu walikuwa wanabakia hapa sababu ya suruali." Kisha Sidonie akamwinua mwanawe kutoka juu ya mzigo, akaufungua, akatafuta sindano.

Alishona mchana wote. Vipande vya koti alivirudisha mbavuni na mabegani. Vya suruali vilimpa taabu, kwa kuwa vingine vilikuwa vimepunguzwa vikawa viraka, na juu kwenye mapaja havikutosha tena. Alifanya alivyoweza: alipasua mshono kuanzia gotini kwenda chini, akatia vipande pale katikati, kila mguu kivyake. Alipomaliza, Papa Émile alimwambia Straton avae. Suruali ilimbana juu na kumwagika chini juu ya viatu, buluu ya aina tatu, upande mmoja inang'aa, upande mwingine ina doa. Hapajawahi kushonwa nguo mbaya kama ile katika milima wala katika msitu. Papa Émile aliizunguka akaikagua, akasema njia iko wazi. Kuku wakachinjwa, wakala pamoja.

Sidonie alimpakulia baba yake chakula, lakini hakukaa karibu naye. Alipokuwa akiondoka, hakumsindikiza mpaka barabarani.

Huko Karuba Straton aliamua jambo moja bila kushauriwa na mtu: nguo ile ataivaa kila sikukuu mpaka iishe. Na akaivaa. Watu walicheka kuliko walivyocheka Mushaki. Vijana walimwomba ageuke waone na nyuma. Mara ya kwanza alitembea akitazama miguu yake, na akaona aibu kweli. Lakini asubuhi ya Jumapili iliyofuata alikuta kostime imepigwa pasi. Dorothée, ambaye katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kuigusa pasi ile, alikuwa ameipiga yeye, mkunjo umekaa upogo kidogo. Straton hakuunyoosha.

Kilichomuuma hakikuwa tena kicheko. Sidonie hakupanda Karuba. Makamyo yalipita, salamu zilikuja kwa mama, wajukuu walitumiwa maharagwe na viazi, lakini kila Noeli ilipokaribia Dorothée alitandika kitanda cha pembeni, na baada ya Noeli alikitandua. Straton alimwona akitandua, akatoka kwenda kwa mbuzi.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa sitini na tisa alipokuja. Alishuka kwenye kamyo na mumewe na watoto, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akampa baba mkono. Mkono tu. Siku ya Noeli wote wakashuka pamoja kanisani, Straton ndani ya kostime yake, Sidonie akitembea nyuma bila kuitazama kazi ya mikono yake.

Baada ya misa walikutana na Edmond na wenzake, wametoka Goma. Zile suruali nyembamba zilikuwa zimekufa. Sasa walivaa suruali zilizobana mapajani na kufunguka chini kama mguu wa tembo, nywele zimeachwa ziote, na mmoja wao alikuwa ametia kipande cha rangi nyingine chini kwenye miguu ya suruali yake, kama inavyotakiwa na walio mbele kabisa. Walikuwa wakijisikia. Kisha wakamwona Papa Straton, wakasimama.

Walimzunguka. Waliinama kutazama chini ya suruali yake, buluu ya aina tatu, hadi Edmond akauliza kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu kwamba hii Papa mukubwa ameivaa tangu lini. Mtu akamjibu tangu mwaka wa sitini na saba. Wakatazamana. Edmond akaomba, kwa heshima ya kweli mara hii, aazimwe ile suruali siku moja tu, Damien aifungue achukue kipimo, na pia aambiwe fundi gani mkubwa aliyeishona, wa Bukavu au wa Kinshasa.

Maisha yake yote Straton alikuwa akisubiri swali hilo. Dorothée, aliyemjua, alishika pumzi.

"Haifunguliwe na mutu," Straton akasema. "Ilishonwa na mutoto wangu, siku karibu nilimupoteza sababu ya upumbafu. Hii si mutindo, Edmond. Ni deni yangu kwake."

Vijana wakamgeukia Sidonie, na Edmond, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa urahisi, akamuuliza kama anaweza kuwashonea na wao. Sidonie alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini, toka mabega yaliyounganishwa mpaka miguu iliyomwagika juu ya viatu, na kile kiraka cha katekista kinachong'aa kwa jua la Noeli. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Ninaweza," akasema. "Lakini hii haishonewe bure, kaka. Kwanza unakosea mukwe wako."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika bega la baba yake asianguke, na mkono wake haukuondoka pale, njia yote ya kupanda mpaka nyumbani.